Shajara ya Mfarishi wa Lushoto: Kuchagua na Kuoanisha Vitambaa

12 Januari 2025: Vipimo na mtindo

Mfarishi huu, yaani tandiko la tabaka tatu zilizoshonwa pamoja, ni wa kitanda cha futi tano kwa sita kilichoko kwa dada yangu Lushoto, ambako mwezi wa Juni na Julai shuka na blanketi moja havimtoshi mtu. Unashonwa Dar es Salaam kwa cherehani ya kawaida ya miguu, kwa vitambaa vinavyopatikana mjini hapa, na bajeti yake ni shilingi 150,000. Shajara itaongezwa kila hatua itakapokamilika, ili anayetaka kuiga aruke hatua anazozijua na akae kwenye zile zinazomtatiza.

Mtindo nilioamua ni mwepesi kuliko yote: miraba 72 ya inchi 10, minane kwa upana na tisa kwa urefu, ambayo ikiunganishwa inatoa inchi 80 kwa 90. Kila mraba una pembetatu mbili, moja ya kitambaa cha mwanga na nyingine ya kitambaa cha giza. Kwa kukata, mraba wa inchi 11 wa mwanga unalazwa uso kwa uso juu ya mraba wa inchi 11 wa giza, mstari unachorwa kutoka pembe hadi pembe, mshono unapita robo inchi kila upande wa mstari, kisha mkasi unafuata mstari wenyewe. Inapatikana miraba miwili, nayo inapunguzwa hadi inchi 10 na nusu ili ibaki nafasi ya mshono. Zinahitajika basi miraba 36 ya mwanga na 36 ya giza, na hesabu yote ya vitambaa inaanzia hapo.

Nimeuchagua mtindo huu kwa sababu hauna pa kuficha uchaguzi mbaya. Ua la vipande vingi vilivyoshonwa kwa ustadi linaweza kukinga macho yasione vitambaa visivyopatana, lakini pembetatu mbili zilizokaa bega kwa bega haziwezi.

19 Januari 2025: Kipimo cha moto

Mtaa wa Uhuru nilinunua doti mbili za khanga, moja kisutu (khanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe) na nyingine yenye mji, yaani sehemu ya katikati, wa rangi ya machungwa na korosho ndogo nyeupe, kitenge cha kijani yadi sita, kaniki (pamba ya rangi ya giza), bafta (pamba nyeupe nyepesi) mita mbili, na kitenge kimoja cha bluu ambacho muuzaji alikiapia kuwa ni pamba tupu. Nyumbani kulikuwa na kikoi, na sandukuni vitenge viwili vya zamani vya kiwanda cha Urafiki, kile kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968.

Kiapo cha dukani hakitoshi. Kabla ya kufua chochote, nilichomoa nyuzi chache za kila kitambaa, za mtande (zinazokwenda urefu) na za mshindo (zinazokwenda upana) kando kando, nikazishika kwa koleo dogo juu ya mshumaa. Pamba inawaka upesi kwa mwali wa njano, inanuka kama karatasi inayoungua, na majivu yake ya kijivu yanasagika baina ya vidole. Poliesta inajikunja na kuukimbia moto kabla haujaigusa, inayeyuka, inatoa harufu kali ya dawa, kisha inaacha punje nyeusi ngumu isiyovunjika kwa ukucha. Inafaa kupima nyuzi za pande zote mbili, kwa kuwa kuna vitambaa ambavyo mtande wake ni pamba na mshindo wake si pamba.

Kitenge cha bluu kiliacha punje nyeusi pande zote mbili. Fundi wa jirani alikishika tu, hata moto hakuuhitaji, akasema: «Dada, hii ni plastiki iliyochorwa maua. Weka pasi ya moto uone.» Niliweka pasi ya pamba kwenye pembe yake, nayo ilirudi na utando unaong'aa umeganda kwenye bati. Hapo ndipo penye tatizo kubwa kuliko jina la uzi: miraba iliyochanganywa inahitaji pasi ya moto mkali kila baada ya mshono, na joto linaloinyoosha pamba linaiyeyusha poliesta. Isitoshe, poliesta haipungui majini wakati pamba inapungua, kwa hiyo baada ya kufua, upande mmoja wa mshono unajikunja na mwingine unabaki umekaza. Kitenge hicho, cha shilingi 12,000, kimetolewa kwenye mradi.

26 Januari 2025: Uzito

Vitambaa vyote vilivyobaki ni pamba, lakini pamba peke yake haitoshi kuvifanya wenzi. Nilikata kipande cha sentimita 10 kwa 10 kutoka kila kimoja na kukipima kwenye mizani ndogo ya kielektroni, ya aina wanayotumia masonara. Gramu za kipande hicho zikizidishwa kwa 100 zinatoa uzito wa mita moja ya mraba. Khanga zilitoa takriban gramu 110, bafta chini kidogo ya hapo, kaniki 130, kitenge cha kijani 140, na kikoi 220.

Kikoi ni kitambaa ninachokipenda, na mistari yake ingeupa mfarishi huu uhai, lakini uzito wake ni mara mbili ya khanga. Nilishona kipande cha majaribio cha kikoi na khanga, nikakining'iniza kwa pini kwenye pazia usiku mzima. Asubuhi mshono ulikuwa umepinda kuelekea upande wa kikoi, na khanga iliyokuwa karibu yake ilikuwa na vijikunjo vidogo vya mshazari ambavyo pasi haikuviondoa. Kanuni niliyoshika tangu hapo ni kwamba kitambaa kizito kisizidi chepesi kwa zaidi ya theluthi moja hivi. Kinachozidi hapo kitafutiwe wenzake wa uzito wake na kufanyiwa kazi nyingine.

Vitenge vya Urafiki vilikuwa na shida tofauti. Ufumaji wake ni wa karibu na uzito wake ulilingana na wa kitenge kipya, lakini miaka ya kufuliwa na kuanikwa juani ilikuwa imezichosha nyuzi. Njia ya kujua ni kuushika mraba kwa mikono miwili na kuuvuta kwa mkupuo, kwanza kwa mtande kisha kwa mshindo. Kitambaa kilichochoka kinatoa mlio mfupi mkavu na kuachia. Kimoja kiliachia katikati, penye mkunjo wa kudumu wa sandukuni. Cha pili kilistahimili, nami nimeamua kukitumia kwa miraba minne tu, kila mmoja ukiwa umepigiwa bandi, yaani mshono mrefu wa muda, juu ya bafta ili bafta ndiyo ibebe mvuto wa mshono.

9 Februari 2025: Kufua na kuchuja rangi

Kila kitambaa kilifuliwa kabla ya kukatwa. Kufua huko kuna kazi mbili: kukipunguza kitambaa kabla hakijafungamana na wenzake, na kukilazimisha kitoe rangi ambayo ingekuja kuwachafua. Khanga mpya inaingia majini ikiwa kavu kama karatasi na kutoka imelegea, kwa sababu sehemu ya ugumu wake ilikuwa dawa ya kiwandani. Mita moja ya khanga ilirudi sentimita 96, na ya kitenge 98.

Kwa rangi, kipimo changu ni hiki. Kipande cha kitambaa kinashonwa kwenye bafta nyeupe, vinaloweshwa pamoja kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni ya unga, vinakunjwa bila kukamuliwa na kuwekwa chini ya sahani usiku kucha. Kuloweka kwenye beseni la maji mengi kunadanganya, kwa kuwa rangi inasambaa hadi haionekani. Ubichi unaokaa muda mrefu ndio unaoifichua. Kaniki iliacha kwenye bafta duara la buluu iliyokolea, lenye ukingo mkali zaidi pale maji yalipokomea, mfano wa alama ya kikombe cha chai juu ya meza. Kisutu kiliacha waridi.

Wengi husema kitambaa kinachochuja kilowekwe kwenye maji ya chumvi au siki. Nilivijaribu vyote viwili kwa sababu vilikuwa jikoni, na havikubadilisha kitu. Siki inasaidia rangi za sufu na hariri, na chumvi ina kazi yake wakati wa kutia rangi kiwandani, lakini hakuna hata kimoja kinachoishikisha kwenye pamba rangi ambayo imekwisha kuachana na uzi. Kinachofaa ni kuitoa hiyo rangi iliyozidi kwa maji ya moto na sabuni, na kurudia mpaka bafta ya majaribio itoke nyeupe. Kaniki ilikubali baada ya kufuliwa sana. Kisutu hakikukubali, wekundu wake ulipungua lakini haukukoma, na mfarishi wenye bafta nyeupe hauwezi kuchukua hatari hiyo. Khanga hiyo haikupotea, kwani inavaliwa, ila bei yake imebaki kwenye hesabu ya mradi.

23 Februari 2025: Giza na mwanga

Hatua hii imechukua nafasi kubwa kuliko nyingine zote, nami nashauri anayeiga aipe muda hata akilazimika kuzikimbiza nyingine.

Mraba wa kwanza wa majaribio uliunganisha kitenge cha kijani cha mgomba na khanga ya machungwa. Mkononi ulipendeza: rangi mbili zinazopingana, kila moja ikiisukuma nyingine mbele. Nikashona minne, nikaibandika ukutani na kurudi nyuma hadi mlangoni. Kutoka hapo pembetatu zilikuwa zimetoweka. Nilichokiona ni bapa moja la rangi mbili zilizokuwa zikitetemeka, bila umbo, na mstari wa mshazari ambao ndio mtindo wenyewe haukuonekana mpaka nilipokaribia tena.

Sababu ilijitokeza nilipopiga picha kwa simu na kuigeuza iwe nyeusi na nyeupe. Kijani na machungwa vyote viwili vilikuwa kijivu kilekile. Jicho la karibu linasoma rangi, lakini kwa mbali, na hasa kwenye mwanga hafifu wa chumba cha kulala, linasoma giza na mwanga kwanza. Mfarishi unaonekana kwa mbali muda mwingi kuliko unavyoonekana kwa karibu. Kwa hiyo swali la «kijani kinakwenda na nini?», ambalo ndilo tunaloulizana dukani, ni swali la mwisho. La kwanza ni uzi na uzito, la pili ni kama kitambaa kinachuja, la tatu ni kiasi gani cha giza kilichomo ndani yake, na ukishajibu hayo matatu, rangi karibu zote zinapatana.

Niligawa vitambaa vyote mafungu matatu: vya giza, vya mwanga na vya kati. Njia za kugawa ni picha nyeusi na nyeupe, au kuvipanga vitambaa kwenye kamba moja na kuvitazama kwa macho yaliyofumbwa nusu. Maua yanapotea na kinabaki kivuli tu. Picha ina sharti moja, nalo ni kwamba vitambaa vyote viwe kwenye picha moja, kwa sababu simu inajirekebishia mwanga kila inapopiga, na kitambaa kilichopigwa peke yake kinaweza kuonekana cha mwanga ilhali ni cha kati. Njano inadanganya watu wengi: inapiga kelele machoni lakini kwenye picha inaangukia fungu la mwanga. Nyekundu inadanganya kinyume chake. Inaonekana inawaka, kumbe ni ya kati au ya giza.

Liko kundi la nne ambalo mgawo huu hauliwezi, nalo ni vitambaa vyenye vita ndani yake, kama khanga ya ardhi nyeupe yenye maua meusi makubwa. Kwa wastani ni cha kati, lakini ukikata mraba mmoja unapata weupe na mwingine unapata weusi. Kitambaa cha namna hiyo kinavunja mstari wa mshazari popote kinapokaa, na hata kisutu, kama kisingechuja, kingetolewa hapa kwa sababu hiyohiyo.

Vitambaa vya kati havikutupwa. Kitenge cha kijani, kilichoshindwa mbele ya machungwa, kilisimama imara kama kitambaa cha giza nilipokiweka na bafta. Cha kati kinachukua kazi ambayo jirani yake hakuichukua, mradi jirani huyo awe wa ukingoni kabisa, mweupe hasa au mweusi hasa. Cha kati kwa cha kati ndicho kisichofaa kamwe.

16 Machi 2025: Kutafuta vya mwanga

Baada ya mgawo huo, hesabu ilionyesha miraba ya giza ya kutosha na ya mwanga saba tu, yote ya bafta. Hali hii haishangazi. Maduka yetu ya vitenge na khanga yanauza rangi zilizokolea, kwa kuwa nguo hizo zinatakiwa zionekane mtu anapopita njiani. Kitambaa kilichofifia kinakaa rafuni mpaka kinapauka zaidi. Anayeanza mradi kama huu na aanze kwa kukusanya vya mwanga, vya giza vitajileta vyenyewe.

Chanzo cha kwanza kilikuwa mitumba. Soko la Karume, Ilala, lina mashati ya kiume ya pamba yenye mistari myembamba ya buluu au kijivu, ambayo kwa mbali yanasomeka kama nyeupe iliyotulia. Nilichukua matano kwa shilingi 2,500 kila moja, nikichagua yale yaliyochakaa kola tu, na kila shati lilitoa miraba mitatu, miwili mgongoni na mmoja kifuani. Lebo ya ndani inaeleza uzi, lakini nyuzi za mshono wa pembeni bado zilipitishwa motoni, maana mashati mengi ya ofisini ni mchanganyiko.

Chanzo cha pili kilikuwa upande wa nyuma wa khanga ya machungwa. Kitenge kilichotiwa rangi kwa nta kinafanana pande zote mbili, lakini khanga hii ilichapwa upande mmoja, na nyuma yake rangi imefika ikiwa imefifia. Machungwa yaliyoshindana na kijani kwa mbele, kwa nyuma yalikuwa rangi ya ganda la yai, na korosho zake zimebaki vivuli. Kwenye picha nyeusi na nyeupe upande huo uliingia fungu la mwanga bila ubishi. Kitambaa kilekile kikakubali kukaa na kijani kilekile, mara tu kilipogeuzwa. Miraba kumi ilitoka humo.

Chanzo cha tatu kilikuwa marekani niliyoinunulia bitana ya nyuma. Upana wa jora ni inchi 60, na mfarishi unahitaji bitana ya inchi 88 kwa 98. Ukilaza vipande kwa upana badala ya urefu, viwili vya inchi 88 vinatosha, yaani mita nne na nusu badala ya tano, na juu yake linabaki pande la inchi 22 kwa 88. Humo ilitoka miraba minne. Weupe wake wa asili, usiopaushwa, unapatanisha bafta na mashati, ambayo yenyewe yana weupe wa baridi. Kitambaa hiki kina historia ndefu pwani hii; wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakikileta Unguja tangu miaka ya 1830.

Kwa fungu la giza nilipata nyongeza kwa urahisi. Ramadhani ikiwa katikati, mafundi wote wanashona nguo za Idi usiku na mchana, na sakafu zao zimejaa vipande. Mfuko mmoja wa shilingi 5,000 ulitoa miraba sita ya giza baada ya mchujo wa moto na wa maji. Vipande vingi vilikuwa satini na poliesta, vikarudi kwa mwenyewe.

6 Aprili 2025: Maua makubwa na maandishi

Ukubwa wa ua una sheria rahisi: ua lisizidi pembetatu litakamokaa. Kitenge cha kijani kina majani ya urefu wa shibiri, na mraba uliokatwa bila kuangalia ulipata kipande cha jani kisichojulikana ni nini. Niliukata mraba wa karatasi, nikatoa katikati yake dirisha la pembetatu, nikalitembeza juu ya kitambaa kabla ya kuchora. Kinachopotea ni kitambaa, takriban robo ya yadi sita. Niliona kinastahili hasara hiyo.

Kuhusu khanga, pindo na maandishi vinahitaji uamuzi mapema, kabla mkasi haujaingia. Doti hii ilikuwa na HASIDI HANA SABABU. Mraba mmoja wa majaribio, uliopita juu ya maandishi, ulibaki na HANA peke yake, tena kinyumenyume kwa kuwa nilitumia upande wa nyuma. Nikafikiria kuuacha ujumbe mzima kama ukanda upande wa bitana. Dada yangu, nilipompigia simu, alicheka kwanza, kisha akasema: «Mdogo wangu, usinilazie hasidi kitandani.» Maandishi yametolewa. Mji wa khanga, baada ya kutoa pindo na ukanda wa maandishi, unatosha safu mbili za miraba minne kwa kila kipande, kwa hiyo hakuna mraba uliopungua.

Wazo la kukata khanga linawakwaza baadhi ya watu, nami ninawaelewa. Lakini khanga yenyewe, kwa masimulizi yanayojulikana sana, ilianza kwa kushona: katika karne ya 19 wanawake wa pwani waliunga leso sita za mraba, tatu kwa mbili, wakapata vazi moja.

27 Aprili 2025: Mshazari, wanga na masika

Mshono wa mtindo huu unapita mshazari wa kitambaa, na mshazari unavutika. Khanga na mashati, vikiwa laini baada ya kufuliwa, vilinyooka chini ya mguu wa cherehani hadi pembe ya mraba ikatoka inchi 10 na robo tatu upande mmoja na kumi kamili upande mwingine. Kupunguza kwa mkasi kunaficha kosa la ukubwa, lakini kitambaa kilichovutwa kinabaki na mawimbi.

Dawa yake ni wanga wa muhogo. Vijiko viwili vya unga vinakorogwa kwenye maji baridi, maji yanayochemka yanamiminwa juu yake mpaka uwe uji mwepesi unaopitisha mwanga, unachujwa, kitambaa kinatumbukizwa na kupigwa pasi kingali na unyevu. Kinatoka kama karatasi ya bahasha na hakivutiki. Bafta na mashati vilihitaji uji mzito zaidi ya kitenge, na kwa njia hiyo tofauti ndogo za uzito zilizobaki kati ya vitambaa zilisawazishwa kwa muda wote wa kushona.

Masika yalileta matatizo mawili ambayo kiangazi kisingeyaonyesha. Miraba iliyotiwa wanga na kurundikwa ilinyonya unyevu wa hewa, ikalegea na kuanza kunuka ukungu. Kisha mende wakaifikia: pembe za mashati mawili zilitafunwa na kuacha kingo zenye meno madogo, kwa kuwa wanga ni chakula. Tangu hapo kinachotiwa wanga ni kile tu kitakachoshonwa siku hiyohiyo, na miraba iliyokamilika inafuliwa haraka kwa maji matupu na kuhifadhiwa ndani ya ndoo yenye mfuniko.

Jambo moja la pasi: nafasi ya mshono ilazwe upande wa giza siku zote. Mraba wa kwanza wa kaniki na bafta ulilazwa kinyume, na ukanda mweusi ulionekana kupitia bafta kama msumari chini ya rangi.

11 Mei 2025: Mpangilio sakafuni

Miraba 72 ilitandazwa sakafuni, pembetatu zote za giza zikielekea upande mmoja ili mistari ya mshazari ivuke mfarishi mzima. Picha nyeusi na nyeupe ilionyesha mashimo mawili, yaani sehemu ambazo miraba ya kijani ilikuwa imekusanyika na kuonekana kijivu katikati ya kaniki. Kijani kilisambazwa, kusiwe na mraba wake unaogusa mwingine kwa ubavu, na miraba ya Urafiki, yenye rangi ya kahawia, ikawekwa mbali na pembe na kingo, ambako mkono hushika wakati wa kutandika. Machungwa ya nyuma ya khanga hayakupangwa kwa hesabu yoyote. Yaliachwa yatokee yanapotokea, na ndiyo yanayouzuia mfarishi kuonekana kama sakafu ya vigae.

25 Mei 2025: Tabaka na bitana

Ndani kumewekwa blanketi mbili za pamba za mtumba, zilizounganishwa ukingo kwa ukingo kwa mshono wa mkono bila kupandana, ili pasiwe na tuta. Sponji na nyuzi za kujazia makoti zingekuwa rahisi zaidi, lakini mfarishi wa pamba unaobeba tumbo la plastiki unarudisha tatizo lilelile la 19 Januari. Tabaka tatu zilipigiwa bandi kutoka katikati kwenda nje, kisha zikashikizwa kwa mkono kwa uzi mnene wa pamba kufuata mishazari, kwa kuwa shingo ya cherehani hii haipitishi furushi la ukubwa huo. Ukingo umefungwa kwa kaniki, kanda tisa za inchi mbili na nusu zilizokunjwa mara mbili.

8 Juni 2025: Kufua kwa kwanza na gharama

Mfarishi ulifuliwa kwa maji baridi na kuanikwa ukiwa umelala, kwa kuwa ukiwa na maji uzito wake unaweza kukata mishono kwenye kamba. Ulirudi inchi 77 na nusu kwa 87. Kilichopungua zaidi ni blanketi, na uso umefanya vijikunjo vidogo vilivyosambaa sawasawa, dalili kwamba vitambaa vya juu vilipungua pamoja. Kaniki haikuacha alama kwenye bafta. Kwenye miraba miwili ya mashati kuna vivuli vya njano pale wanga ulipokaa muda mrefu. Sabuni ya mche na jua vilivipunguza.

Gharama ni hizi kwa shilingi: khanga doti mbili 26,000, kitenge cha kijani 24,000, kitenge cha poliesta 12,000, kaniki 10,000, bafta 7,000, mashati 12,500, marekani 22,500, blanketi 30,000, mfuko wa vipande 5,000, uzi na sindano 9,000, unga wa wanga 1,500. Jumla ni 159,500, yaani 9,500 juu ya bajeti, na kitenge cha poliesta peke yake kingeufunika upungufu huo. Sindano zilizotumika ni namba 14 kwa kitenge na kaniki, namba 11 kwa mashati na bafta.

Imebaki miraba kumi na miwili ya marekani na kikoi kizima. Uzito wa marekani ni takriban gramu 160, kwa hiyo kikoi kimezidi kanuni ya theluthi kidogo tu, na jaribio la kuvining'iniza pamoja litaanza baada ya mvua kwisha kabisa.